Je, wajua? Rangi ya dinosaria husomwaje kwenye jiwe?

Rangi nyingi za dinosaria unazoziona vitabuni ni za kubahatisha: mchoraji akipenda kijani, anapaka kijani. Microraptor habahatishwi. Huyu dinosaria mdogo mwenye manyoya, aliyeishi kaskazini-mashariki mwa China miaka milioni 120 hivi iliyopita, alikuwa mweusi wa kumetameta, kama bawa la kunguru likipigwa na jua. Nani alimwona?

Jibu limo ndani ya unyoya. Weusi na wekundu wa manyoya hutokana na vifuko vidogo mno viitwavyo melanosomu, vya aina ileile inayotia rangi nywele zako. Kimoja kina urefu wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita. Wataalamu walikuwa wakiviona kwenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika katika mawe, na kudhani ni bakteria waliokula mzoga, hadi mwaka 2008, Jakob Vinther na wenzake walipoonyesha kuwa ni vifuko vya rangi vyenyewe.

Umbo la kifuko ndilo linalofichua rangi. Vilivyorefuka hutoa weusi, vya mviringo hutoa wekundu wa kahawia. Vikiwa virefu na vyembamba sana, tena vimepangika kwa tabaka, mwanga hurudi kwa namna inayofanya unyoya umetemete. Mwaka 2012 watafiti walitoa vipande vidogo kwenye kisukuku cha Microraptor, wakavitazama kwa hadubini ya elektroni na kuvipima dhidi ya manyoya ya ndege walio hai. Melanosomu zake zilikuwa ndefu na nyembamba, kama za manyoya yanayometameta.

Hapo ukazuka ubishi. Mwaka mmoja nyuma, utafiti wa mifupa ya macho ulikuwa umedokeza kwamba alikuwa mnyama wa usiku. Sasa, mapambo ya kumetameta yana faida gani gizani? Mimi naegemea upande wa manyoya: alikuwa mnyama wa mchana.

Manyoya hayo yaliota hata miguuni, marefu, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine kama ya bawa, ndiyo maana husemwa alikuwa na mabawa manne. Kama alipiga mabawa au alinyiririka tu hewani, bado wanabishana. Chakula chake hakina ubishi: matumboni mwa visukuku tofauti wamekutwa ndege, samaki na mjusi aliyemezwa mzima kuanzia kichwani, na mwaka 2022 ukatangazwa mguu wa mamalia mdogo.