Mtoto ana mafua na hanyonyi vizuri: maswali ya wamama wa Moshi kipindi hiki cha baridi

Mwezi wa sita mpaka wa nane Moshi hii baridi haitanii, na kila ukienda kliniki unakuta vichanga vimefungwa makhanga na masweta matatu matatu na pua zinakoroma. Maswali ni yaleyale, ngoja niyajibu hapa.

Mwanangu ana wiki sita, anashika ziwa anavuta mara mbili anaachia analia. Hataki tena maziwa?

Anayataka sana tu, shida ni pua. Mtoto mdogo hivyo anategemea pua kupumua, sasa ikiziba hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja so anaachia ziwa avute hewa, alafu analia kwa sababu njaa bado ipo. Kwahiyo anza na pua kabla ya ziwa. Nenda duka la dawa uombe maji ya chumvi ya puani ya watoto, tia tone moja au mawili kila tundu, subiri dakika chache, vuta ute taratibu kwa kile kipira cha kunyonyea kamasi, ndo umnyonyeshe. Usijichanganyie chumvi nyumbani kwa kukadiria, ikizidi inamchoma. Na usimvute kamasi kila saa, pua inavimba ndani inaziba zaidi.

Mnyonyeshe ukiwa umemwinua kichwa kiwe juu, kidogokidogo ila mara nyingi, usiku pia. Akigoma kabisa, kamua umpe kwa kikombe kidogo safi au kijiko. Hiyo kukamua inakusaidia na wewe, maana maziwa yakijaa bila kutoka utavimba ziwa na uwe na wagonjwa wawili ndani.

Mama mkwe anasema maziwa yangu yameingia baridi ndo yamemletea mafua, nisimame kwanza kunyonyesha nimpe maji ya moto.

Shikamoo mama, ila hapana. Mafua yanaletwa na virusi, mara nyingi kutoka kwa mtu aliyembeba au kumbusu, na maziwa ndani ya mwili yana joto lako siku zote hata ukiwa kule Kibosho mlimani asubuhi. Chini ya miezi 6 hahitaji maji wala uji. Mtori aliokupikia kula wewe, tena ushibe.

Na mimi nina mafua, niendelee?

Endelea. Mwili wako unatengeneza kinga na inapita kwenye maziwa, ukiacha ndo unamnyima. Nawa mikono kwa sabuni, vaa barakoa unaponyonyesha, usimkoholee. Ila dawa ya mafua usijinunulie tu, muulize mfamasia ukimwambia unanyonyesha, zingine zinapunguza maziwa.

Asali, dawa ya kuchua ya mentho, sirapu ya kikohozi?

Asali hapana kabisa kabla ya mwaka 1, inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto. Mentho na sirapu hapana kwa kichanga. Antibayotiki haiui virusi. Na jamani kukata kimeo, tafadhali, mtoto anaweza kuvuja damu mpaka akafa. Jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya joto pia toa, ile hewa yake inaua mkiwa mmelala.

Nitajuaje kama ni zaidi ya mafua?

Akiwa ametulia mfunue kifua, hesabu anavyopumua dakika nzima. Chini ya miezi 2, ikifika 60 au zaidi, rudia kuhesabu, ikibaki hivyo ondoka umpeleke hospitali. Miezi 2 mpaka 12 ni 50. Nenda pia kama kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, hanyonyi kabisa, amelegea haamki, midomo ya bluu, degedege, au pampasi zinakaa kavu muda mrefu. Na kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye joto la kwapani 37.5 au zaidi hasubiri kesho, hata kama ni saa nane usiku, mbebe kifuani kwako umfunike na mwendelee kunyonya njiani kama anaweza.