Vitabu vya Hija ya Miguu: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Barazani Mji Mkongwe, watu wakizungumzia vitabu vya waliokwenda kuhiji kwa miguu, jina linalotangulia ni la Ibn Battuta, msafiri wa Moroko wa karne ya 14, na nalo huandamana na dhana mbili: kwamba alitembea kutoka Moroko hadi Makka, na kwamba baadaye alishuka Unguja. Zote mbili si sahihi. Alipoondoka Tanja mwaka 1325 alikuwa na kipando, na kabla ya kufika Tunis homa ilimkaza hata akajifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba asije akaanguka. Ama pwani yetu, aliijia kwa chombo mwaka 1331, akaeleza habari za Mogadishu, Mombasa na Kilwa, Unguja hakuitaja. Hata hivyo, Mzanzibari asomaye habari zake za Mombasa hatajihisi mgeni: misikiti ya mbao, kisima mlangoni, kata ya mti ya kuchotea maji, na watu watembeao pekupeku wakiosha miguu kabla ya kuingia.

Iliyoenea zaidi ni dhana kwamba vitabu hivi ni shajara zilizoandikwa njiani, jioni kwa jioni. Kitabu cha Ibn Battuta kilikamilika mwaka 1355, miaka 30 baada ya kuondoka kwake, naye hakukiandika kwa mkono wake. Alisimulia, na Ibn Juzayy akaandika kwa amri ya sultani wa Moroko. Mwandishi huyo, alipofika kwenye maelezo ya Makka na Madina, alichukua mengi kutoka kitabu cha Ibn Jubayr, hujaji aliyesafiri kutoka Granada mwaka 1183. Kwa maoni yangu jambo hilo halikishushi hadhi kitabu, ila msomaji anayetaka kuijua Makka ya 1326 hana budi kujua kwamba mara nyingine anaonyeshwa ya karne moja na nusu nyuma.

Wapo pia wanaosoma simulizi hizi wakaamini kwamba hija isiyo ya miguu ina upungufu. Hadithi inaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mzee akikokotwa baina ya wanawe wawili kwa sababu ya nadhiri ya kutembea, akamwamuru apande. Nasi watu wa visiwani, bila ya chombo tungefika vipi?

Kwa upande wa Wakristo, vitabu vya njia ya mahujaji iendayo Santiago, Hispania, huwafanya wengi wadhani kwamba ni lazima kutembea kilomita zote 780 hivi za njia itokayo Ufaransa. Cheti cha hija hiyo hutolewa kwa aliyetembea angalau kilomita 100 na kumalizia Santiago. Wala wa kale hawakuwa watembea kwa miguu watupu: mwongozo wa njia hiyo wa karne ya 12 unaonya juu ya mto mmoja wenye maji ya kuua, ambako wenyeji wawili waliketi ukingoni wakinoa visu, wakingoja farasi wa mahujaji wanywe, wafe, wawachune ngozi.