Kwa nini kidonge cha thairoidi humezwa kabla ya chai ya asubuhi?

Anayeandikiwa levothairoksini huambiwa ameze asubuhi kwa maji matupu, kisha angoje nusu saa hadi saa nzima ndipo anywe chai. Sababu haielezwi mara nyingi. Basi wengi hushushia kidonge na chai ya maziwa, miezi inapita, uchovu uko palepale, na dawa inalaumiwa.

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, hutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Ikizembea, mtu huchoka bila kufanya kazi, huhisi baridi wenzake wakitokwa jasho, hufunga choo, ngozi hukauka, uzito huongezeka. Kidonge hurudisha homoni hiyo, na kiasi chake ni kidogo mno: maikrogramu 100 ni sehemu moja ya elfu kumi ya gramu. Hata tumbo likiwa tupu, utumbo haufyonzi yote. Sasa ongeza maziwa yenye kalsiamu, au vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma: madini hayo huing'ang'ania homoni humo tumboni, na sehemu iliyong'ang'aniwa hutoka na choo. Kahawa na soya nazo hupunguza kinachofyonzwa. Dawa za kiungulia pia, na zile za kuzuia asidi, kama omeprazo, hukinyima kidonge asidi kinayoihitaji ili kiyeyuke vizuri. Ndiyo maana vidonge vya chuma na vya kalsiamu hutenganishwa na levothairoksini kwa saa 4.

Ninaowahofia zaidi ni wajawazito. Kliniki huwapa vidonge vya kuongeza damu, na ni haki yao, lakini huo ndio wakati mwili unadai homoni zaidi, mara nyingi robo ya dozi ya zamani au zaidi, kwani katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hujengeka kwa homoni ya mama. Anayetumia dawa hii na akajua ana mimba amwone daktari wiki hiyohiyo. Asingoje tumbo lionekane.

Jambo jingine linalowapotosha watu ni mwendo wa pole wa dawa yenyewe. Nusu ya homoni iliyomo mwilini huchukua kama siku 7 kuisha. Ukiacha kumeza leo, kesho hutahisi kitu, pengine hata wiki nzima. Ndipo mtu anasema amepona, kumbe anakula akiba. Vivyo hivyo dozi ikibadilishwa, nafuu haiji kesho yake, na kipimo cha damu hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Kipimo hicho huitwa TSH, nacho huchanganya wengi: namba ikiwa juu, homoni iko chini. TSH hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo huisukuma thairoidi kwa nguvu zaidi kila inapoiona imelegea.

Kwa wengi, dawa hii ni ya maisha. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alianza kumtibu mwanamke mmoja kwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za kondoo. Mama huyo aliendelea na matibabu akaishi miaka 28 zaidi. Leo tuna kidonge kimoja kwa siku, na kinastahili kupewa nafasi ya kufanya kazi.

Asubuhi ikikushinda, daktari anaweza kukuruhusu umeze wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Wanaofunga Ramadhani wapange naye saa ya kumeza kabla mwezi haujaandama, kwa sababu kati ya futari na daku tumbo halikai tupu kwa muda mrefu.