Mkaa ukishakolea na moshi umeisha, unaweza kulala nao ndani? Maswali na majibu

Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8 baridi ikipiga Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto, na kwa majirani kule Limuru na Nyahururu, watu wanaingiza jiko la mkaa ndani wanafunga madirisha wanalala. Kuna wanaoamka na kuna wasioamka. Haya ndo maswali yanayoulizwa sana, nimeyajibu kwa lugha ya kawaida ila kemia sijaitoa, maana bila kemia mtu anakwambia tu mbona sisi tunalala nalo miaka yote.

Swali: Mimi jiko naliacha nje mpaka moshi uishe kabisa, mkaa ukiwa mwekundu ndo naingiza. Si sumu yote imeshatoka?

Haijatoka dada yangu, na hapa ndo wengi wananasa. Moshi wa mwanzo unawasha macho, unakohoa, unatoka mwenyewe nje bila kuambiwa. Gesi inayoua inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu na haiwashi popote, na mkaa ukiwa mwekundu ndo inatengenezwa vizuri. Iko hivi: hewa inaingia kwa chini, oksijeni inakutana na mkaa wa chini inakuwa kaboni dayoksaidi, hii ya kawaida iliyomo kwenye soda. Sasa inapanda, inapita katikati ya mkaa mwingine wa moto, kila molekuli yake inachukua kaboni moja kutoka kwenye mkaa na zinatoka monoksaidi mbili. Mmenyuko huu unaenda pande zote mbili, mbele na nyuma. Moto ukiwa mdogo unaegemea kwenye dayoksaidi, ila joto likipita kama nyuzi 700 unaegemea kwenye monoksaidi, kwa hiyo jiko lililojaa mkaa mwekundu ndo kiwanda chenyewe. Ule moto wa bluu unaouona unacheza juu ni monoksaidi inayoungua ikikutana na hewa, shida ni kwamba haiungui yote.

Swali: Kama inaenda na kurudi, si ikipoa chumbani itageuka tena iwe dayoksaidi?

Swali zuri sana. Ukipiga hesabu ya msawazo, yaani pale kwenda mbele na kurudi nyuma kunapolingana, peke yake ni kweli, kwenye ubaridi ilitakiwa irudi. Lakini msawazo unakwambia mwisho wa safari ni wapi, haukwambii utafika lini, na kwenye joto la chumba spidi ya kurudi ni ndogo mno, kama haipo kabisa. Gesi inabaki vilevile ilivyo mpaka wewe unaivuta.

Swali: Na gari je, si nalo linatoa gesi hii? Lenye masega ndo salama? Nasikia masega yanaila hiyo gesi.

Masega ya kwenye ekzosi yamepakwa madini kama platinamu, paladiamu na rodiamu, na hayo ni vichocheo. Kichocheo hakibadilishi mwisho wa safari na chenyewe hakiishi, kinachofanya ni kurahisisha njia ili kitu ambacho kingeenda taratibu mno kiende haraka, hapo monoksaidi inashikana na oksijeni inakuwa dayoksaidi kwa sekunde. Ila masega hayafanyi kazi yakiwa baridi, lazima yapate joto kama nyuzi 250 hadi 300, kwa hiyo dakika za kwanza baada ya kuwasha gari ndo mbaya zaidi. Na tuambizane ukweli, magari mangapi mtaani masega yake fundi ameshayatoa na kuyauza? Usiwashe gari kwenye banda lililofungwa, mlango ukiwa wazi pia usiliache likinguruma humo. Vijenereta vya dukani ndo kabisa, vingi havina kitu kama hicho, kisikae ndani wala kibarazani karibu na dirisha.

Swali: Bibi alitufundisha kuweka beseni la maji pembeni ya jiko, linanyonya sumu.

Shikamoo bibi, lakini hapana. Monoksaidi haiyeyuki kwenye maji isipokuwa kidogo sana. Beseni litasaidia kulainisha hewa tu.

Swali: Ikiingia mwilini inafanya nini hasa?

Kwenye damu kuna hemoglobini, hiyo ndo inabeba oksijeni. Ichukulie kama daladala yenye siti nne. Oksijeni inapanda kwenye mapafu na kushuka kwenye kituo chake, ubongo, moyo, misuli, ndo maana tunaishi, inashika na kuachia. Monoksaidi inapanda siti zilezile ila inashika kwa nguvu mara 200 mpaka 250 kuliko oksijeni, haishuki kirahisi. Na ubaya wa pili ambao wengi hawausemi: ikishakaa siti moja, oksijeni iliyoko kwenye siti nyingine nayo inagoma kushuka, inapitiliza kituo. Ndo maana mtu aliyepoteza nusu ya siti zake kwa monoksaidi yuko hatarini kuliko mwenye upungufu wa damu wa kiwango hichohicho.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno. Hewa yenye monoksaidi sehemu moja kwa elfu, ukiivuta masaa kadhaa mpaka msawazo ufikie, karibu nusu ya hemoglobini yako imeshatekwa. Mwanasayansi mmoja Mskochi, John Scott Haldane, alijifanyia majaribio mwenyewe miaka ya 1890 akivuta gesi hii na kupima damu yake, na kwake ndo ilitoka ile kawaida ya zamani ya wachimbaji kushuka na ndege mdogo mgodini ili awaonye, kwa sababu kiumbe kidogo kinapumua haraka kinafika kwenye msawazo mapema na kinaanguka kabla ya mtu. Kwa sababu hiyohiyo watoto wadogo ndani ya nyumba wanazidiwa kabla ya wakubwa.

Swali: Dalili zake?

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu, usingizi mzito, mtu anaongea vitu havieleweki. Unaona shida iko wapi, mtu anasema malaria anameza dawa analala tena kwenye chumba kilekile! Jiulize vitu vitatu: kuna homa? mnaumwa wengi nyumba moja kwa wakati mmoja? ukitoka nje unapata nafuu? Homa hakuna, mnaumwa wote, nje mnapata nafuu, basi shuku jiko.

Swali: Shemeji alipelekwa zahanati, kile kidude cha kubana kidoleni kikasoma 98, wakasema yuko sawa.

Kile kidude kinapitisha mwanga kwenye kidole na kinasoma rangi ya damu, na damu yenye monoksaidi ni nyekundu kama yenye oksijeni, kwa hiyo kinadanganyika. Kuna kipimo maalumu cha damu kwenye baadhi ya hospitali. Ukifika sema wazi tulilala na jiko la mkaa, usisubiri uulizwe, hilo neno moja linaweza kubadilisha matibabu yote.

Swali: Tumpe maziwa?

Maziwa yanaenda tumboni, sumu iko kwenye damu, na mtu aliyelegea ukimnywesha yanaweza kuingia kwenye mapafu. Fungua milango, mtoe nje, kama hapumui mwenye ujuzi aanze kumsaidia kupumua huku mnatafuta usafiri. Wewe mwenyewe usikae ndani kutafuta viatu.

Dawa ni oksijeni. Ule ushikaji ni mkali lakini nao unaenda na kurudi, kwa hiyo ukiongeza sana oksijeni unausukuma msawazo urudi nyuma na monoksaidi inang'oka siti moja moja. Kwa hewa ya kawaida inachukua kama masaa 4 mpaka 6 nusu yake kutoka, kwa oksijeni tupu ya barakoa iliyobana ni kama saa moja mpaka moja na nusu. Akizinduka msikimbilie kurudi nyumbani, kuna watu wanapata shida ya kumbukumbu au tabia siku kadhaa, hata wiki, baadaye. Mjamzito aende hospitali hata kama anajisikia vizuri, hemoglobini ya mtoto tumboni inashika gesi hii kwa nguvu zaidi na inachelewa kuiachia.

Swali: Nikifunika mkaa na jivu, halafu dirisha naacha wazi kidogo?

Jivu linaupunguzia mkaa hewa, na mkaa uliokosa hewa ya kutosha unatoa monoksaidi vizuri tu, tena masaa mengi taratibu wakati wewe umelala. Dirisha la kupenyeza kidole halitoshi, na huwezi kujua limetosha au halijatosha kwa sababu harufu hamna. Pikeni, oteni moto jioni mlango ukiwa wazi, wakati wa kulala jiko litoke nje kabisa, sio koridoni, alafu mtu aongeze blanketi.