Ng'ombe mwenye manjano si lazima awe na ndigana

Kiangazi kikikolea, simu za wafugaji hufanana: ng'ombe hali, hacheui, macho ya manjano, kinyesi kigumu. Mara nyingi ameshachomwa oksi (antibiotiki ya oksitetrasaiklini), kwa kuwa dalili hizo ni za ndigana baridi pia, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Mimi huuliza kwanza: malishoni kuna lantana?

Ni kile kichaka cha maua ya rangi mchanganyiko, majani ya kukwaruza na harufu kali, kilicholetwa kutoka Amerika ya tropiki kama pambo. Sasa kimejaa kando ya njia na kwenye nyua zetu. Ng'ombe aliyekulia karibu nacho kwa kawaida hukikwepa. Anayekila ni mgeni aliyetoka mnadani, au yeyote mwenye njaa nyasi zikiisha.

Sumu yake, lantadini, huharibu ini na kuzuia nyongo isitiririke. Vijidudu vya tumboni huvunja ukijani wa majani yote anayokula ng'ombe, na mabaki yake, filoeritrini, hutolewa na ini kupitia nyongo. Nyongo ikikwama, mabaki hayo huingia kwenye damu, hufika kwenye ngozi, na jua likiyapiga ngozi huungua. Kwa hiyo mtazame ng'ombe wa madoa kwa karibu: mabaka meupe yamevimba na kubambuka, meusi yaliyopakana nayo hayana kitu. Mpaka wa jeraha unafuata mpaka wa rangi. Pua hukauka ikapasuka, na chuchu nyeupe humuuma asikubali kukamuliwa. Ndigana haifanyi hivyo. Hiyo huja na homa, hasa mwanzoni, na damu hupungua. Kipimo cha damu kitathibitisha.

Mwingize kivulini siku hiyo hiyo. Lakini kumtoa malishoni hakutoshi, na hili ndilo linaloniuma zaidi, maana wengi huishia hapo. Ini likiumia, tumbo kuu husimama. Majani hubaki humo humo na sumu inaendelea kunyonywa siku baada ya siku. Dawa ni unga wa mkaa tiba (mkaa uliotengenezwa kuwa dawa ya kunasa sumu), kama kilo 2.5 kwa ng'ombe mkubwa, katika lita 20 za maji yenye chumvi za mwili (elektroliti). Mwite daktari wa mifugo aupitishe kwa mpira hadi tumboni. Ukimnywesha kwa chupa kwa nguvu, mkaa huo unaweza kuingia mapafuni.

Na ukifyeka ua wa lantana, usitupe matawi karibu na zizi. Hata yakinyauka, sumu imo.