Viwavijeshi vamizi hawatoki ndani ya mbegu

Kila msimu wa kupanda, magrupu ya wakulima hapa Moshi hurushiana ujumbe uleule: viwavijeshi vamizi, wadudu wanaoshambulia mahindi, wamo ndani ya mbegu za dukani, wametuletea majirani kupitia Holili, mpakani na Kenya.

Si kweli. Asili yao ni Amerika. Afrika waliripotiwa 2016. Nondo wao, yaani mdudu mzima mwenye mabawa, hutaga mayai kwenye majani, na usiku mmoja anaweza kuruka hata kilomita 100. Forodha haimzuii, ndiyo maana nchi jirani zinahitaji kupeana taarifa za mitego ya kunasa nondo mapema.

Hofu naielewa, kwani viwavi huonekana mche ukiwa bado mchanga, kana kwamba wametoka na mbegu. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, mwenzako asije akaacha mbegu bora. Fungua moyo wa mhindi, yaani majani machanga ya katikati yaliyojikunja, umtazame kiwavi: Y iliyopinduliwa usoni, madoa manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia.