Je, wajua kwa nini upele huwasha zaidi usiku?

Mchana unajikuna mara mbili tatu, unaendelea na shughuli. Usiku ukishajifunika, na Njombe mwezi wa saba blanketi moja halitoshi, ndipo katikati ya vidole, kiunoni na makalioni panapowaka moto. Asubuhi shuka lina vidoa vya damu. Tulipokuwa bwenini huko Mufindi wengine tulilaumu maji ya baridi, wengine blanketi jipya la sufu. Kumbe vyote viwili tulivisingizia.

Upele huletwa na kidudu chenye miguu minane, ndugu wa utitiri wa kuku. Jike lake halifiki hata nusu milimita. Huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi, hutaga mayai mawili au matatu kwa siku, na huishi humo mwezi mmoja hadi miwili. Cha ajabu, mtu mzima anayejikuna usiku kucha kwa kawaida ana vidudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Hao wachache wanamkoseshaje mtu usingizi?

Ni kwamba muwasho hautokani na kung'atwa. Ni mzio: mwili unakataa mate ya kidudu, mayai yake na kinyesi chake. Na mzio huo huchelewa. Anayeupata upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, huku akiwaambukiza wenzake. Aliyewahi kuugua huanza kujikuna ndani ya siku moja hadi nne, maana mwili wake umeshamjua mgeni.

Sasa usiku. Kidudu hiki ni mtumwa wa joto. Penye chini ya nyuzi 20 hakitembei. Chini ya mablanketi ngozi inapata joto, mishipa ya damu inatanuka, na kidudu kinachangamka. Usiku pia ndipo hushuka kotisoli, homoni ya mwili inayotuliza mzio. Tena umelala tu, huna kazi ya kukusahaulisha.

Msiogope kupeana mikono. Kwa kawaida upele unahitaji ngozi kugusana kwa dakika kadhaa, si salamu ya "kamwene", hata ile ya kushikana mikono mpaka habari za ng'ombe ziishe. Kulala pamoja ndiko kunakoueneza, na kwenye baridi yetu watoto watatu kitanda kimoja ni jambo la kawaida. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, huko Sheffield, Uingereza, mtaalamu wa wadudu Kenneth Mellanby aliwalaza watu waliojitolea kwenye mablanketi yaliyotumiwa na askari wenye upele. Walioambukizwa walikuwa wachache mno.

Hata hivyo nguo zisiachwe. Nje ya mwili, kwenye joto la kawaida la chumba, kidudu hufa baada ya siku mbili tatu, lakini baridi na unyevu humrefushia maisha. Kwa hiyo wa Makete, ambaye mwezi wa sita ukungu unamnyima jua la kuanikia, afue nguo na mashuka kwa maji ya moto au apige pasi vizuri. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki nzima au zaidi.

Utautambuaje? Tazama katikati ya vidole, viganjani pembeni, kwapani, kiunoni, kwenye chuchu na sehemu za siri. Vipele vidogo hapo, pamoja na mwingine nyumbani anayejikuna, ni dalili nzito. Uso wa mtu mzima mara nyingi husalimika; mtoto mchanga hutokewa hata kichwani na nyayoni. Duara lenye ukingo ulioinuka na magamba huenda ni fangasi. Usikimbilie krimu ya kupunguza muwasho: zile zenye steroidi hutuliza mzio, vidudu vikaendelea kuzaana.

Dawa ya duka ambayo wengi wanaijua ni BBE (benzili benzoeti), ile ya kupaka, nyeupe kama maziwa. Ipo pia krimu ya permethrini, na vidonge vya ivermectini ambavyo hapewi mjamzito wala mtoto wa chini ya kilo 15. Kwa watoto na wajawazito mwulize mfamasia kwanza. Wapo wanaopewa mafuta ya salfa. Dawa ya kupaka hupakwa kuanzia shingoni hadi unyayoni, ngozi ikiwa kavu, si pale panapowasha tu. Mgongo upakwe na mwenzako. Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Kwa hili ana bahati, maana kidudu hujificha chini ya kucha ndefu, na mikwaruzo yake hufungulia bakteria mlango. Vidonda vikitoa usaha, au mkojo ukawa mwekundu na uso ukavimba, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani figo zinaweza kuwa zimeguswa.

Nyumba nzima itibiwe usiku mmoja, hata asiyewashwa, kisha irudiwe kama mfamasia alivyoelekeza. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya vidudu kufa, kwa sababu mabaki yao bado yamo ngozini. Bwenini tulikuwa na mwenzetu aliyejipaka BBE kila jioni karibu mwezi mzima, mpaka ngozi ikamchubuka na kuwasha upya, naye akasema dawa ya duka lile ni feki.